Dondoo muhimu: Kabla hujamwacha mtoto kituoni

Ukirudi kazini, usichague kituo cha kulelea watoto kwa sababu tu kiko njiani au ada yake ni nafuu.

• Omba kuona cheti cha usajili. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe. Ukiwa na shaka, muulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.
• Fika bila taarifa mchana, watoto wanapolishwa. Hapo ndipo utaona kama kila mmoja ana kikombe chake, au kijiko kimoja kinazunguka midomo yote.
• Hesabu watoto, kisha walezi, uone kama wanatosha.
• Kagua choo, jiko na ndoo za maji. Ndoo zote zifunikwe: mtoto anayetambaa huzama hata kwenye maji kidogo.
• Andikisha wanaoruhusiwa kumchukua. Asiyeandikwa asipewe mtoto, hata akiwa shangazi yake.
• Kosa la wengi ni kumwacha kutwa nzima siku ya kwanza. Anza na muda wa saa 2 tu, naye akuone ukirudi.
• Mkague mwili unapomwogesha jioni. Aliyekwisha kuzoea akianza kulia kila aonapo geti, usimgombeze. Chunguza siku hiyohiyo.