MP3 Haidaiwi Tena: Sasa Chagua Fomati kwa Kazi

Kama una kibanda cha kurushia nyimbo Kidahwe, pale barabara ya kutoka Kigoma inapogawanyika kwenda Kasulu na Uvinza, au kama unarekodi kwaya mjini Ujiji, faili la MP3 ndilo mkate wako. Fomati hiyo iliwahi kuwa na wenyewe, nao walidai malipo. Siku hizi hawadai, na zipo nyingine za bure tangu mwanzo.

Nani alikuwa akidai?

Wimbo wa dakika 4 kwa ubora wa CD unachukua zaidi ya MB 40. MP3 ya kbps 128 (kilobiti 128 kwa sekunde) huushusha hadi karibu MB 4 kwa kutupa sauti ambazo sikio halizitambui vizuri. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilichangia sana ufundi huo, nao ukalindwa kwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila leseni kwa muda maalumu. Waliotakiwa kulipa ni watengenezaji wa vifaa na programu. Mnunuzi aliilipia leseni hiyo ndani ya bei bila kujua. Muda wa hataza ulipokwisha, mpango wa leseni ulifungwa tarehe 23 Aprili 2017.

Hataza hutolewa nchi kwa nchi. Kwa Tanzania Bara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Hata hivyo simu na redio tunazonunua hutengenezwa kwa ajili ya masoko mengi, ndiyo maana madai ya Ulaya na Marekani yalitufikia.

Fomati huru

Mwaka 1998 Fraunhofer iliwaandikia watengenezaji wa programu ikidai leseni. Barua hizo zilimsukuma mtengenezaji wa programu Chris Montgomery kuharakisha Vorbis, fomati isiyodai leseni, iliyokamilika mwaka 2002. FLAC, nayo ya bure, ilikuwa imetoka mwaka 2001. Opus ilifuata mwaka 2012, na wenye hataza zake waliruhusu itumike bila malipo. AAC, inayopatikana kwenye mafaili mengi ya .m4a, bado ina leseni, lakini deni hilo ni la mtengenezaji, si la msikilizaji.

Ipi kwa kazi ipi?

1. *Kumrushia mteja nyimbo:* baki na MP3, kbps 128 hadi 192. Redio nyingi za flashi na simu za batani haziijui Opus wala FLAC. Kwa kbps 128, kadi ya GB 8 hubeba takriban nyimbo 2,000 za dakika 4.

2. *Kutunza rekodi halisi:* tumia FLAC. Mara nyingi hupunguza faili hadi karibu nusu, na ukilifungua sauti hurudi kamili kama ilivyorekodiwa.

3. *Mahubiri, mawaidha na mafunzo:* tumia Opus. Kwa kbps 24 sauti ya mtu hueleweka vizuri, na saa nzima haizidi MB 11. MP3 ya kbps 128 ingekula karibu MB 58 za bando la msikilizaji. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp tayari hutumia Opus.

4. *Kugeuza fomati:* anza na rekodi halisi kila mara. MP3 ikigeuzwa Opus hupoteza ubora mara ya pili. Ikigeuzwa FLAC, faili hunenepa tu, kilichotupwa hakirudi.

Kwa kazi hizi Audacity hurekodi na kugeuza, na VLC hucheza karibu kila fomati. Zote mbili ni huru na za bure. Kabla ya kumgeuzia mteja kadi nzima, jaribu wimbo mmoja kwenye kifaa chake.

Deni linalobaki

Fomati kuwa huru hakuufanyi wimbo kuwa huru. Wimbo ni mali ya mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji, na kuuza nakala zake kunahitaji ruhusa yao, uwe kwenye MP3 au Opus. Mwenye kibanda, ulizia masharti ya kibali COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kabla ya kuuza nyimbo za watu. Nanyi wanakwaya, sajilini kazi zenu huko na mtunze nakala za FLAC mahali pawili tofauti, kwa maana kadi moja ikiharibika, rekodi ya miaka huondoka nayo.