Kutu ya Mahindi na Chembe za Urithi

Mwanafunzi wa Korogwe au Handeni apapasapo jani la mahindi lenye kutu, vidole hubaki na unga wa rangi ya machungwa. Unga huo ni vijimbegu vya kuvu iitwayo Puccinia polysora, ipendayo joto na unyevu. Ilitoka Amerika, ikafika Afrika Mashariki mwaka 1952.

Huko Muguga, Kenya, H. H. Storey na wenzake waligundua, katika mahindi yaliyoletwa kutoka Amerika, chembe za urithi zenye kuukinga mmea. Lakini kuvu nayo hubadilika: ilizuka namna mpya iliyoishinda mojawapo ya chembe hizo.

Kwa hiyo, mbegu yenye chembe kadhaa za kinga humlinda mkulima kwa muda mrefu zaidi.

Swali: Kwa nini ni vigumu kwa kuvu kuzishinda zote pamoja?