Kufundisha Barua ya Kujitambulisha kwa Wateja

Mwanachuo atakayefanya mazoezi ya kufundisha huko Ngaramtoni, kando ya barabara iendayo Namanga, atakuta watoto wameijua biashara kabla ya kuijua barua. Siku za gulio, Alhamisi na Jumapili, wengi huketi na mama zao nyuma ya magunia ya maharage. Wajua kuamkia, kubembeleza, na kumtilia mnunuzi maharage kiganjani ayatazame.

Hata hivyo, tulipolitaka Darasa la Sita la shule moja limwandikie mwenye hoteli mjini Arusha, kumjulisha mazao ya shamba la shule, tulipokea barua zenye sura njema na tumbo tupu. Anwani zote mbili zilikuwa mahali pake, na kichwa cha habari kimepigiwa mstari. Kisha: "Sisi hatujambo, hofu ni kwenu tu. Tunayo maharage mazuri sana. Karibuni nyote." Mmoja alitaja bei ya debe. Mwenzake akamwuliza: debe lililosawazishwa, au lenye mlundiko juu? Darasa likacheka.

Kosa lilikuwa letu. Tulianza na umbo la barua ubaoni, tukasahau kwamba gulioni mnunuzi huona na kushika, lakini msomaji wa barua hana ila maneno.

Katika kipindi cha pili nusu ya darasa walifanywa wenye hoteli. Walisoma barua za wenzao na kuuliza. Mwandishi hakuruhusiwa kujibu kwa mdomo, ila kwa kalamu. Maswali yalimiminika. Ninyi ni nani? Maharage ya aina gani, ya msimu upi? Kilo ni shilingi ngapi? Mtaleta, au nifuate? Fedha nimkabidhi nani? Ndipo tulipoandika pamoja:

"Ndugu Meneja,

YAH: MAHARAGE YA SHAMBA LA SHULE

Sisi ni wanafunzi wa Darasa la Sita, Ngaramtoni. Msimu huu tumevuna maharage mekundu aina ya Selian 97, magunia mawili ya kilo 100 kila moja. Yamekaushwa na kupepetwa, lakini hayajachaguliwa mawe. Tumeambatisha bei ya kila kilo, na kiganja kimoja cha maharage ndani ya bahasha. Tunaweza kuyaleta hotelini siku ya Jumamosi. Mwalimu wa shamba ndiye apokeaye fedha na kutoa stakabadhi."

(Jina la mbegu walilijua bila kuambiwa, kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian ni jirani yao.)

Sentensi ya mawe ilizua mabishano makali. Wavulana kadhaa walitaka ifutwe, maana itafukuza mteja. Msichana mmoja akasema kwamba mpishi atayakuta mawe hayo hata yasipoandikwa, na barua ina jina la shule. Hatukuamua kwa niaba yao. Walipiga kura, sentensi ikabaki kwa kura chache.

Salamu nazo tusizikemee kwa ukali. Mtoto aliyelelewa kuamkia kwanza huona barua isiyo na salamu kuwa ni utovu wa adabu. Tulimweleza kwamba neno "Ndugu", na shukrani moja mwishoni, hutimiza heshima hiyo.

Wakati wa kusahihisha tulitoa alama 3 kwa umbo na 7 kwa maswali yaliyojibiwa. Barua ilipelekwa. Jibu likaja kwamba hoteli hupika maharage ya njano tu, na somo lililofuata likawa namna ya kumjibu mteja aliyekataa.