Jua Haki Zako: Ukidhulumiwa kingono wakati wa ghasia

Tarehe 10 Desemba 2020, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu ya Nairobi alitoa hukumu iliyosubiriwa tangu 2013. Manusura wanane wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wanawake sita na wanaume wawili, walikuwa wameishtaki Serikali wakisaidiwa na mashirika manne ya haki za binadamu. Jaji alikubali kwamba Serikali ilishindwa kuchunguza na kushtaki ukatili wa kingono uliotendwa siku zile. Hata hivyo fidia, shilingi milioni 4 kwa kila mmoja, walipewa wanne tu. Waliobaki walikata rufaa.

Kilichowatenganisha hakikuwa ukubwa wa maumivu. Kwa waliodhulumiwa na raia wenzao, swali kubwa lilikuwa kama waliripoti polisi na polisi wakanyamaza. Kwa maoni yangu kipimo hicho kilikuwa kikali mno. Januari 2008 nani angethubutu kuvuka vizuizi vya barabarani kwenda kituoni, huku jirani yake amebakwa na askari? Lakini ndivyo mahakama ilivyopima, na anayedhulumiwa leo anapaswa kulijua hilo mapema.

Basi anza na hospitali. Hospitali ya umma inatakiwa kukutibu bure, na huhitaji kupitia polisi kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na za kuzuia mimba kabla ya saa 120. Ukiweza usioge, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu mifuko ya plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Mhudumu atajaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, kwa nakala tatu: moja ya polisi, moja yako, moja inabaki hospitalini. Usiondoke bila yako. Ukienda kuripoti, polisi nao watakupa fomu ya P3, ya uchunguzi wa daktari, na nambari ya OB, kitabu chao cha matukio. Iandike nambari hiyo mahali pawili. Afisa akikataa kukuandikisha, andika jina lake au nambari yake ya kazi, kituo na saa, kisha upeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka inayosimamia mienendo ya polisi. Huko kukataliwa kwenyewe, kukiwa na maandishi, ni ushahidi.

Baada ya ghasia huja watu wenye daftari na vinasa sauti: mashirika, watafiti, waandishi wa habari, makarani wa tume. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, iliandika visa 900 vya ukatili wa kingono vya 2007 na 2008, na bila kazi hiyo tusingekuwa na pa kuanzia. Kwa hiyo siwapingi wanaoandika. Ninachotaka ujue ni kwamba maelezo yako ni yako. Una haki ya kuuliza: wewe ni nani, umetumwa na nani, haya yatawekwa wapi, nani atayasoma, na je, mahakama ikiyaitisha utaweza kulificha jina langu? Unaweza kuchagua kuhojiwa na mwanamke au mwanamume, kwa lugha unayoimudu, pasipo mume, chifu wala mzee wa mtaa kuwa karibu. Unaweza kusita katikati na kusema basi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuondoa ridhaa uliyoitoa. Na Kanuni ya Murad, iliyozinduliwa 2022 kwa ajili ya wote wanaokusanya habari za manusura, inawataka wajiulize kwanza kama kuna haja ya kukuhoji kabisa.

Swali hilo lina uzito wa kisheria pia. Ukisimulia mara tano kwa watu watano, yatapatikana maandishi matano yanayotofautiana kidogo: hapa walikuwa watatu, pale wanne, hapa saa mbili usiku, pale saa tatu. Wakili wa mshtakiwa atayasoma yote mbele ya hakimu. Ukiwa umeshaandikisha maelezo kwa mtu unayemwamini, una haki ya kumwambia anayefuata aende kwa huyo, kwa idhini yako.

Unapoeleza, taja kitendo chenyewe. Mahakamani tumezoea kusikia "alinifanyia tabia mbaya", na kesi zimeyumba kwa sababu ya maneno hayo. Wanaume nao husema "walinipiga" na kuishia hapo, ilhali sheria yetu ya makosa ya ngono ya 2006 inawalinda sawasawa. Jinsi kitendo kinavyoainishwa hubadilisha kesi: Januari 2012 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) walikataa kuita tohara ya nguvu waliyofanyiwa wanaume Wajaluo katika ghasia hizo ukatili wa kingono, wakaiweka katika vitendo vingine visivyo vya kibinadamu.

Taja pia sare, kofia, buti, gari, silaha, maneno waliyosema na aliyekuwa akitoa amri. Jambo unaloliona dogo, likikutana na la mwingine wa mtaa wa pili, huonyesha kwamba kulikuwa na mpango. Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha maafisa wa polisi washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya binadamu, ubakaji ukiwemo, kwa matukio ya Kisumu baada ya uchaguzi wa 2017. Hiyo ndiyo kesi tunayoijua kwa jina la Samantha Pendo, mtoto mchanga aliyeuawa katika matukio hayo.

Kuna wanaosema hawana shahidi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la ngono kwa maelezo ya aliyedhulumiwa peke yake, iwapo hakimu ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake.

Kwa uliyenyamaza tangu 2007 au 2017: ubakaji hauna muda wa mwisho wa kushtakiwa nchini Kenya. Ukihitaji msaada, piga 1195 bila malipo. Na kama kuna karatasi ya hospitali iliyobaki sandukuni, hata kama imechakaa, usiitupe.