Mafunzo Niliyopata kwa Sarah Maldoror

Ninatengeneza filamu za makala kuhusu wanawake na haki ya ardhi. Mwalimu wangu mkubwa sikuwahi kuonana naye: Sarah Maldoror, mzaliwa wa Ufaransa mwenye asili ya Guadeloupe, aliyefariki mwaka 2020 akiwa ameacha filamu zaidi ya 40.

1. Mfuate aliyeachwa nyumbani. Katika filamu yake Sambizanga (1972), polisi wa Kireno wanamkamata Domingos, mpigania uhuru wa Angola. Maldoror hakuishia naye gerezani. Alitoka na mkewe, Maria, anayekwenda kumtafuta mpaka Luanda, mtoto mgongoni, huku kila ofisi ikimwambia aulize kwingine. Hapo ndipo ukoloni unapoonekana ulivyo: kumchosha mtu hadi akate tamaa.

Tulipokwenda kurekodi mgogoro wa mipaka katika kijiji kimoja, wanaume wa kamati walikuwa wameshajipanga kwenye viti. Nikahamishia kamera jikoni. Mama mmoja, huku akimenya mihogo, alinitajia mpaka wote: kichuguu, kisima cha zamani, mkwaju uliokatwa, na aliyeukata. Kwenye kamati hakuna aliyeujua hivyo. Anayelima lile shamba ni yeye.

2. Soma mkataba kabla ya kuwasha kamera. Mwaka 1970 Maldoror alipiga picha Guinea-Bissau kuhusu nafasi ya wanawake katika vita vya ukombozi, kwa fedha za jeshi la Algeria. Alipotofautiana na jeshi hilo, mikanda ikazuiwa. Filamu hiyo, Des fusils pour Banta, haikukamilika, na jambo hilo linaniuma sana. Mfadhili wangu mmoja alipotaka niondoe sauti za wanawake waliowalaumu viongozi wao, nilimwonyesha kifungu kinachonipa uamuzi wa mwisho wa uhariri. Sauti zile zimebaki.

3. Uzuri hauharibu siasa. Wapo waliolalamika kwamba Sambizanga inapendeza mno kwa filamu ya mapambano. Nawapinga. Anayeonewa naye anastahili kupigwa picha kwa mwanga mzuri.

4. Ijue kazi. Hasira peke yake haitengenezi filamu. Maldoror alisomea filamu Moscow, wakati mmoja na mwongozaji Ousmane Sembène, kisha akawa msaidizi katika filamu ya Gillo Pontecorvo kuhusu mapambano ya Algiers. Ndipo akaongoza ya kwake.

Sambizanga ilikarabatiwa mwaka 2021. Walimu na wenye vilabu vya filamu, ionyesheni, na ikiisha wapeni wasichana nafasi ya kwanza ya kusema.