Kompyuta Nyepesi na Daftari la Kikundi

Wakulima wa skimu hapa Ndanai, ikiwa kikundi chenu cha maziwa au cha chai chataka kompyuta ya kuwekea hesabu, huenda mkaonyeshwa ile nyepesi iitwayo Chromebook. Ilianza kuuzwa mwaka 2011, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Yafaa kwanza mjue namna ifanyavyo kazi.

Ghala la kompyuta hii ni dogo. Daftari mnaloandika kwa kawaida halikai ndani yake, bali hupelekwa kwa intaneti hadi katika mitambo mikubwa iliyo mbali, ambayo watu huiita "wingu". Si wingu la mvua! Ni kama fedha zilizo benki: ukipoteza mfuko njiani, fedha zimebaki. Kompyuta ikiibwa au ikinyeshewa, karani ataazima nyingine, ataandika jina la akaunti na neno la siri, na kilo za kila mwanachama zitaonekana tena. Kitabu cha karatasi kikiungua kimekwisha.

Lakini ufunguo wa benki hiyo uko kwa nani? Hapa ndipo vikundi huumia. Karani hufungua akaunti kwa jina lake na kwa simu yake. Siku akihama au akifariki, kompyuta mnayo mezani na hesabu hamzioni. Basi akaunti iwe ya kikundi, na laini ya simu iliyoandikishwa nayo iwe ya kikundi pia. Neno la siri litiwe katika bahasha iliyofungwa, aiweke mweka hazina. Tena msiiache ilale: akaunti ya Google isiyotumiwa kwa miaka 2 yaweza kufutwa.

Netiweki nayo hukatika. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilidhoofika Kenya na nchi jirani. Karani awashe mapema, netiweki ikiwapo, mpango wa kuandika bila intaneti. Ataandika kilo za asubuhi, nazo zitapelekwa netiweki ikirudi. Kila mwisho wa mwezi chapeni nakala ya karatasi.

Mkinunua iliyokwisha kutumika, ulizeni tarehe ya mwisho ya kupokea marekebisho ya usalama. Zilizotoka tangu 2021 hupewa miaka 10, lakini huhesabiwa tangu aina hiyo ilipotolewa, si tangu siku mliyonunua. Tarehe hiyo imo katika mipangilio ya kompyuta yenyewe. Mwenye duka aifungue mbele yenu kabla hamjalipa.