GPS ndani ya motokari: namna ya kuichagua na kuitumia bila kupata hatari



Siku hizi GPS imeingia ndani ya motokari nyingi za Kolwezi. Mmoja amenunua kifaa chenyewe, kile kidogo cha kubandika kwenye kioo cha mbele. Mwingine anaitumia ndani ya telefoni yake. Wote wawili wanataka kitu kimoja: kufika bila kupoteza njia, bila kupoteza mafuta.

Kifaa hiki kina faida kubwa. Lakini shofere akikiamini kuliko macho yake, kinaweza kumpeleka pabaya. Kwa hiyo, kabla ya kusoma mengine yote, shika neno hili moja:

GPS inajua mahali ulipo. Haijui mbele yako kuna nini.

1. GPS INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Juu mbinguni, karibu kilometa 20,200 kutoka kwetu, kuna setelaiti zinazozunguka dunia usiku na mchana. Marekani ilirusha ya kwanza mwaka 1978 kwa kazi za jeshi, na mpango mzima ulikamilika mwaka 1995. Kwanza raia walipewa vipimo vilivyopunguzwa makusudi, vyenye kukosa hata mita 100. Mwezi wa Mei 2000 kizuizi hicho kiliondolewa, na tangu hapo GPS ikawa kitu cha maana kwa shofere wa kawaida. Leo Urusi, China na nchi za Ulaya nazo zina setelaiti zao, na vifaa vingi vipya vinazisikia zote.

Kila setelaiti inatuma alama na saa yake. Kifaa chako kinapima muda ambao alama imetumia kufika. Kikisikia setelaiti 4 au zaidi, kinaweza kuhesabu mahali ulipo. Mahali pa wazi, telefoni ya kawaida inakosa mita 5 hivi tu.

Elewa mambo mawili hapa. La kwanza: GPS inasikiliza tu, haisemi. Haihitaji mtandao wa telefoni wala yuniti ili ijue ulipo. La pili: setelaiti haioni barabara. Barabara iko ndani ya ramani, na ramani imechorwa na watu, siku fulani iliyopita. Ikiwa njia imebadilika tangu siku hiyo, ramani haina habari.

2. KABLA YA KUNUNUA

Usikubali kununua kwa kutazama sura. Mwombe muuzaji akiwashe, halafu tazama haya:

a) Ramani. Vifaa vingi vya mkono wa pili vimetoka Ulaya, na ndani mna ramani ya Ulaya peke yake. Andika Kolwezi, halafu Likasi, halafu Fungurume. Kama havionekani, au vinaonekana bila barabara, acha.

b) Kufanya kazi bila mtandao. Kama unatumia telefoni, pakua ramani ya Lualaba na Haut-Katanga ukiwa nyumbani. Kisha zima mtandao na ujaribu. Kuna programu za bure zinazofanya hivyo, kama OsmAnd na Organic Maps. Google Maps pia inakubali kuhifadhi ramani ya sehemu unayotaka.

c) Umeme. Motokari ndogo ina betri ya volti 12. Kamiyo kubwa ina volti 24. Soma maandishi yaliyo kwenye chaja: kama imeandikwa 12 V peke yake, usiichomeke ndani ya kamiyo. Itaungua, na inaweza kuleta moto. Tafuta iliyoandikwa 12–24 V.

d) Kioo na sauti. Toka nacho juani. Je, unakisoma? Sauti yake inashinda kelele ya mashine? Inasema lugha unayoisikia mara moja? Kifaa chenye sauti nzuri kinayaacha macho yako barabarani.

e) Ramani mpya. Uliza kama ramani inaweza kubadilishwa, na kwa bei gani. Hapa kwetu ramani inazeeka upesi.

Kifaa chenyewe ama telefoni, kipi bora? Kifaa chenyewe kinavumilia joto zaidi, na hakikatizwi na mtu anayekupigia. Telefoni ni rahisi, na ramani yake inaweza kufanywa mpya bila gharama kubwa. Mtu aendaye kazini na kurudi, telefoni inamtosha. Mwenye kushinda kutwa barabarani, kifaa chenyewe kinamfaa.

3. ANDIKA VIZURI MAHALI UNAPOKWENDA

Makosa mengi yanaanza kabla ya motokari kuondoka. Tazama majina haya: Kolwezi na Solwezi. Herufi moja tu inayatenganisha. Yote mawili ni miji ya shaba, lakini Kolwezi iko kwetu, na Solwezi iko Zambia, ng'ambo ya mpaka. Kidole kikiteleza, kifaa hakitakuuliza swali. Kitakutafutia njia, na utaifuata.

Kwa hiyo, ukiisha kuandika, tazama kilometa zinazoonyeshwa. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi kwa barabara ni karibu kilometa 300. Kama kifaa kinasema hesabu ya mbali na hiyo, simama, anza tena.

Pengine utapewa namba badala ya jina. Hapo uwe na akili mara mbili. Kolwezi iko nyuzi 10 na dakika 43 kusini. Mtu mwingine ataandika 10.43. Amekosa! Uzi mmoja una dakika 60, si 100. Gawanya 43 kwa 60, utapata 0.717. Kwa hiyo namba ya kweli ni 10.717. Aliyeandika 10.43 atapelekwa karibu kilometa 32 kaskazini, upande wa Nzilo.

Tena usisahau kusini. Vifaa vingi vinaonyesha kusini kwa alama ya kutoa mbele ya namba, au kwa herufi S. Ukiiacha, kifaa kitakutafuta upande wa Darfur, nchi ya Sudani. Na andika nukta, si koma, kwa sababu kwenye vifaa vingi koma inatenganisha namba ya kwanza na ya pili.

4. MAHALI PA KUKIWEKA

Kifunge chini, pembeni mwa kioo cha mbele, mahali ambapo hakifuniki barabara, wala watoto wanaovuka, wala kioo cha pembeni. Usikiweke mbele ya mfuko wa hewa: ukifunguka siku ya ajali, utakirusha usoni mwako. Usikiache juu ya mapaja, wala kukishika mkononi. Waya wake usipite karibu na usukani wala pedali za miguu.

Ukiegesha, kitoe. Jua la mchana ndani ya motokari iliyofungwa linaharibu betri, na kifaa kinachoonekana kinaita mwizi.

5. NJIANI

Andika safari yako motokari ikiwa imesimama. Ikibidi kubadilisha, simama pembeni mahali salama, au mpe mwenzako aliyeketi kando yako.

Fanya hesabu hii pamoja na watoto wako nyumbani. Motokari inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Ukitazama kioo cha GPS sekunde 3 tu, umeendesha mita 50 bila kuona. Katika mita 50 hizo, kijijini, kuna baisikeli yenye magunia ya makaa, kuna mbuzi, kuna mtoto anayekimbilia mpira. Kwa kilometa 80 kwa saa, ni karibu mita 67.

Na kwenye njia ya Kolwezi–Likasi–Lubumbashi hauko peke yako. Kuna kamiyo za shaba, za kobalti, za chokaa, za asidi. Mwezi wa Februari 2019, kamiyo ya asidi ya sulfuriki iligongana na motokari nyingine kwenye njia hii, na watu karibu 20 walikufa. Njia ya namna hii inataka macho yote mawili.

Shika na haya:

– Saa ya kufika si amri. GPS inahesabu kwa mwendo inaoudhania. Haihesabu mashimo, wala vumbi la kiangazi, wala mvua za Novemba mpaka Aprili, wala kamiyo iliyolala katikati ya barabara. Ikionyesha kwamba umechelewa, usikimbize motokari kuifurahisha.

– Njia fupi si njia nzuri. Kifaa kinaweza kuchagua njia ya porini kwa sababu imepungua kilometa 8. Hakijui kama daraja lake ni la miti, wala kama mto umejaa. Usiku, na wakati wa mvua, baki njia kubwa. Ukiwa na shaka, simama uulize wenyeji.

– Kamiyo kubwa isiamini njia ya motokari ndogo. Hata kifaa chenye sehemu ya kuandika urefu na uzito hakitakusaidia ikiwa kipimo cha daraja hakimo ndani ya ramani. Soma kibao kilicho darajani.

– Kibao, polisi na mfanyakazi mwenye bendera wanashinda GPS. Sauti ikikuambia pinda kushoto, na kibao kinakataza, kibao ndicho sheria.

– Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, kumbuka kwamba kwetu tunaendesha upande wa kuume, na Zambia wanaendesha upande wa kushoto. Mzunguko wa kwanza wa barabara ndio wenye hatari zaidi.

6. NDANI YA ENEO LA MINE

Hapa jibu ni fupi: usifuate GPS yako ya kununua. Shimo la wazi linapanuka, na barabara iliyokuwapo mwezi uliopita leo imechimbwa. Ramani yako bado inaionyesha, mstari mzuri mweupe, hali mwisho wake ni ukingo wa shimo. Kwa siku za kulipua baruti, njia zinafungwa kwa saa, na hakuna setelaiti itakayokuambia.

Tena kuta za shimo refu zinaficha sehemu ya mbingu. Kifaa kinasikia setelaiti chache, na alama nyingine zinagonga ukuta kwanza. Hapo kitakuonyesha mahali ambapo haupo. Na chini ya ardhi, kama ndani ya mgodi wa Kamoto, hakisikii kitu kabisa.

Kwa hiyo, ukifika mlangoni, zima kifaa. Fuata ramani ya njia iliyotolewa na kampuni, vibao, na maneno ya shefu wa usalama. Mgeni asiyejua njia asindikizwe.

7. SIKU YA HATARI, GPS INAWEZA KUOKOA MTU

Hii ndiyo sehemu ya jamaa yote. Motokari imeanguka njiani usiku. Unapiga simu: "Tuko porini, baada ya daraja." Daraja gani? Muganga na motokari ya wagonjwa watatafuta saa nzima, na mgonjwa anatoka damu.

Fundisha watu wa nyumbani, mama na watoto wakubwa, kufungua ramani ya telefoni na kugusa ile alama ya mahali walipo mpaka namba zitokee. Wafanye zoezi hilo leo, uani, si siku ya ajali. Kisha wajue kusema kwa utaratibu huu:

Kwanza, jina la njia, na mmetoka wapi kwenda wapi.
Pili, kijiji cha mwisho mlichopita.
Tatu, namba za mahali, zikisomwa moja moja, pole pole. Tarakimu 4 baada ya nukta zinatosha: zinaonyesha mahali kwa kadiri ya mita 11.
Nne, watu wangapi wameumia, na namna gani.
Tano, kama kuna kamiyo ya asidi au ya mafuta. Kama ipo, watu wakae mbali, upande upepo unakotoka, na asikaribie mtu asiye na mavazi ya kazi hiyo.

Anayepokea simu arudie namba zote kwa sauti. Tarakimu moja ikikosewa, msaada unakwenda kwingine.

Zile namba za nyumba yenu, za shule na za kituo cha afya, ziandikeni kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Zitafaa hata usiku mama anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, na shofere hajui mtaa wenu.

JIPIME MWENYEWE

Swali la 1. Telefoni yako haina mtandao. Je, GPS imekufa?
Jibu: Hapana. Inajua ulipo. Ramani ndiyo inayotakiwa kupakuliwa mapema.

Swali la 2. Umeambiwa mahali ni nyuzi 10 na dakika 30 kusini. Utaandika nini?
Jibu: -10.5, kwa sababu dakika 30 ni nusu ya uzi.

Swali la 3. Chaja imeandikwa 12 V. Kamiyo ni ya volti 24. Utafanya nini?
Jibu: Sitaichomeka.

Swali la 4. Kifaa kinasema "endelea mbele", na mbele kuna maji juu ya barabara.
Jibu: Ninasimama. Kifaa hakioni maji, mimi ninayaona.

Aliyejibu yote manne asome tena sehemu ya 7 pamoja na jamaa yake. Aliyekosa moja aanze mwanzo, maana barabara haitoi nafasi ya pili ya mtihani.

Ndugu shofere, kifaa kikuonyeshe njia, lakini usukani uko mkononi mwako. Nyumbani wanakungoja wewe, hawangoji saa iliyoandikwa na GPS.